Mgeni njoo, mwenyeji apone: Mikutano ya madaktari iwafae wagonjwa

Huenda nawe, mpenzi msomaji, umewahi kufika katika kliniki unakotibiwa ukaambiwa kwamba daktari hayupo, amekwenda mkutanoni na atarejea Jumatatu. Ikiwa umembeba mtoto mwenye homa, au umemleta mzazi anayeugua kisukari, jawabu hilo halikupi raha. Unarudi nyumbani ukijiuliza: Hawa madaktari hukutana kila mara kuzungumza nini? Na huko waendako, ni nani huwalipia?

Maswali hayo ni ya haki, na sisi madaktari tunapaswa kuyajibu bila kukasirika. Maoni yangu ni kwamba mikutano ya vyama vya kitaalamu katika kanda yetu ni ya lazima. Palipo na chama kilicho hai, mgonjwa hufaidika hata kama hajui kwamba chama hicho kipo. Hata hivyo, naamini kwamba mingi ya mikutano hiyo imeacha njia. Hufanyika mbali na wagonjwa, hugharimu pesa kupita kiasi, na pengo la fedha huzibwa na watu wenye bidhaa za kuuza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hicho ndicho kipimo ninachotaka tukitumie. Madaktari 200 wakiisha kukutana katika mji fulani kwa siku tatu na kuondoka, je, wagonjwa wa hospitali ya mji huo wamepona kwa lipi?

Chama hiki ni cha nini?

Chama cha kitaalamu si chama cha wafanyakazi. Hakipiganii mishahara wala hakiitishi mgomo. Kazi yake ni elimu na viwango vya kazi. Huwakutanisha watu wa fani moja, huchapisha jarida, huandaa mafunzo, na mara moja kwa mwaka huita mkutano ambapo kila mwenye jambo jipya husimama mbele ya wenzake na kuulizwa maswali. Hapa Kenya vyama vingi vya namna hii husajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, ambayo hudai wawe na viongozi wanaojulikana, wafanye mkutano mkuu wa mwaka na kutoa hesabu za fedha.

Kwa mbali jambo hili laonekana jepesi. Kwa kweli mzigo huwaangukia watu wawili, yaani katibu na mweka hazina, ambao kwa kawaida ni madaktari wenye kliniki zao na hawalipwi kitu kwa kazi ya chama. Barua huandikwa usiku baada ya kumaliza zamu, na risiti hutunzwa katika droo moja na kadi za wagonjwa. Chama kikipata watu wawili waaminifu na wenye bidii husimama miaka mingi. Kikiwakosa, hubaki muhuri na akaunti ya benki ambayo hakuna akumbukaye ni nani anayeruhusiwa kutia sahihi.

Katika Afrika Mashariki vyama hivi vina historia ndefu. Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka wa 1950, wakati ambapo wapasuaji walikuwa wachache mno na wengi wao walifanya kazi peke yao, kila mmoja katika hospitali yake, bila mtu wa kumwuliza neno. Kutokana na juhudi za chama hicho, mwaka wa 1999 kilizaliwa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA, chenye makao yake Arusha.

Chuo hiki hakina madarasa yake chenyewe. Daktari kijana hufunzwa upasuaji katika hospitali anakofanyia kazi, chini ya mpasuaji mzoefu, na anapofikia mwisho wa masomo husafiri kufanya mtihani unaoandaliwa pamoja na mkutano wa mwaka. Mkutano wenyewe huhamahama. Mwaka wa 2019 ulikuwa Kampala, 2022 ukawa Windhoek, na 2023 ukawa Addis Ababa. Mtahini kutoka nchi moja hukaa na mtahini wa nchi nyingine, na kijana kutoka hospitali ya mbali hupimwa kwa kipimo kile kile cha kijana wa jiji kuu.

Faida yake twaiona. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya wapasuaji wanane katika kila kumi waliofunzwa katika ukanda huu walibaki kufanya kazi katika nchi walikofunzwa. Kwa watu waliozoea kusikia kwamba kila daktari hodari hukimbilia Ulaya au Marekani, hiyo si habari ndogo. Bila mkutano hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna mpasuaji mpya wa kumfanyia mama mjamzito au majeruhi wa matatu operesheni katika hospitali ya kaunti.

Daktari wa Mulago

Anayetaka kujua kwa nini madaktari ni lazima wakutane ana kwa ana, na akumbuke habari za Denis Burkitt. Huyu alikuwa mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957 alionyeshwa mtoto aliyekuwa na uvimbe wa ajabu katika taya zote. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali na kuwauliza wenzake, na mwaka wa 1958 akachapisha maelezo ya saratani hiyo ambayo leo inaitwa kwa jina lake.

Burkitt hakuwa na maabara kubwa. Alichokuwa nacho ni wenzake. Aliwatumia madaktari wa sehemu nyingi za Afrika barua zenye picha za watoto hao, akiwauliza kama wamewahi kuona ugonjwa wa aina hiyo. Mwaka wa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa muda wa majuma kumi katika gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika. Majibu waliyokusanya yalionyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata nchi za joto na mvua nyingi, karibu sawa na malaria, na ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi.

Lakini kabla ya safari hiyo, mnamo Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani katika kuku. Epstein alikuwa ameona tangazo la mhadhara huo akaamua kwenda kusikiliza. Aliposikia habari za ramani ya ugonjwa na hali ya hewa, alihisi kwamba huenda kuna kirusi. Baada ya mhadhara alimtafuta Burkitt wakazungumza, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kirusi walichokiona. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Tuyaangalie vizuri mambo yaliyozaa matunda hayo. Kwanza, daktari wa kawaida alipata jukwaa la kueleza alichokiona kwa wagonjwa wake. Pili, msikilizaji alipata nafasi ya kumkaribia baada ya mhadhara. Tatu, madaktari wa hospitali ndogo waliulizwa na wakasikilizwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji hoteli ya nyota tano.

Je, kompyuta haitoshi?

Wapo wanaosema kwamba siku hizi hakuna haja ya kusafiri kwa sababu kila kitu chawezekana kwa intaneti. Ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya Machi 2020, mikutano yote ilihamia kwenye kompyuta na simu, na sitakana kwamba tulipata faida. Muuguzi wa Lodwar aliweza kumsikiliza profesa wa Kampala bila kulipa nauli. Mafunzo ya saa moja jioni yangali yakiendelea hivyo, na yaendelee.

Hata hivyo, kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa namna hiyo anajua kinachotendeka. Wengi hufungua simu, huiweka kando na kuendelea na shughuli nyingine. Maswali huwa machache. Kinachokosekana zaidi ni yale mazungumzo ya foleni ya chai, ambapo daktari kijana humwuliza mkubwa wake jambo ambalo angeona haya kuliuliza mbele ya watu. Aidha, mikono haifunzwi kwa kompyuta. Kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kuunganisha mshipa, au kuipima macho ya mgonjwa wa kisukari ni kazi za kushika na kurekebishwa papo hapo. Hivyo basi, swali si kama tukutane. Swali ni tukutane wapi, kwa fedha za nani, na tukiondoka tuache nini.

Pengo la fedha

Mkutano mzuri huanza kuandaliwa mwaka mzima kabla ya siku yenyewe. Hutafutwa mji na tarehe isiyogongana na mitihani ya vyuo, Pasaka, Ramadhani wala uchaguzi. Miezi kadhaa kabla, hutolewa mwito wa ikisiri, yaani maelezo mafupi ya kazi ambayo mtu anataka kuieleza. Kamati ya sayansi huzisoma ikisiri hizo na kuchagua. Kisha kuna barua za mwaliko kwa wageni wanaohitaji viza, vipaza sauti, malazi, chakula, na jenereta iwapo stima itapotea.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme wajumbe ni 200 na mkutano ni wa siku tatu. Hoteli ya ufuoni inadai Sh5,000 kwa kila mjumbe kwa siku, kwa ajili ya ukumbi, chai na chakula cha mchana. Hiyo ni Sh3,000,000. Kila mjumbe analipa ada ya usajili ya Sh10,000, yaani Sh2,000,000 kwa jumla. Kabla hata ya kununua kalamu moja, mweka hazina ana pengo la Sh1,000,000.

Chukua mkutano huo huo uupeleke katika ukumbi wa chuo cha mafunzo ya utabibu au wa hospitali ya rufaa, na umpe kandarasi ya chakula mpishi wa mjini kwa Sh1,200 kwa kila mtu kwa siku. Gharama hiyo ni Sh720,000. Kwa ada ile ile, mweka hazina anabaki na Sh1,280,000 za kuchapisha jarida, kuwalipia nauli vijana na kukinunulia chama kitu cha kudumu. Wajumbe watakula ugali na samaki badala ya nyama za aina saba, lakini sijasikia mtu aliyejifunza matibabu ya pumu kwa sababu ya aina ya nyama aliyokula.

Naieleza hesabu hii kwa sababu ndipo mlango unapofunguka. Mweka hazina mwenye pengo la milioni moja hana budi kuinua simu na kuipigia kampuni ya dawa.

Mkono mtupu haulambwi

Kampuni za dawa si adui. Ndizo hutengeneza dawa tunazotumia, na ni sawa zitueleze walizonazo. Lakini kampuni ni biashara, na haitoi milioni moja kwa mapenzi. Wazee walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Sisi madaktari hupenda kudai kwamba kalamu ya bure na chakula cha jioni haviwezi kubadilisha fikira zetu. Utafiti unasema vingine.

Mwaka wa 1992 jarida la kitabibu la Chest lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja kubwa ya Marekani. Madaktari walikuwa wamealikwa na kampuni za dawa katika mikutano iliyofanyika mahali pa starehe, wakilipiwa kila kitu. Watafiti walilinganisha matumizi ya dawa mbili zilizohusika kabla na baada ya safari hizo. Matumizi ya dawa ya kwanza yalipanda kutoka wastani wa vipimo 81 hadi 272, na ya pili kutoka 34 hadi 87. Wengi wa madaktari hao walikuwa wamesema, kabla ya kusafiri, kwamba safari haitawabadilisha.

Mwaka wa 2016 uchunguzi mwingine wa Marekani, uliohusisha zaidi ya madaktari 270,000, ulionyesha kwamba hata waliopewa mlo mmoja tu wa bei ya chini ya dola 20 walielekea kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyowalisha, ingawa palikuwepo dawa nyingine za bei nafuu za kutibu ugonjwa huo huo.

Hapa ndipo wewe msomaji unapoingia. Daktari akikuandikia dawa ya jina kubwa la Sh3,000 ilhali ipo ya Sh400 inayofanya kazi ile ile, ni wewe uliyelipia karamu ya mkutano, ingawa hukualikwa. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu anayepaswa kumeza dawa kila siku maisha yake yote, tofauti hiyo humfanya aache dawa ifikapo katikati ya mwezi. Na wagonjwa wanaoacha dawa hurudi kwetu wakiwa wamepooza upande mmoja.

Pointi 50

Kuna jambo jingine. Ili kupata leseni mpya kila mwaka, daktari wa Kenya hutakiwa kukusanya pointi 50 za mafunzo ya kuendeleza taaluma. Kanuni hiyo ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno ni njema, kwa maana haifai mtu kutibu leo kwa elimu ya miaka 20 iliyopita. Lakini imewapa baadhi ya waandaaji bidhaa rahisi ya kuuza. Mjumbe hulipa ada, hutia sahihi asubuhi, huchukua mkoba na kwenda zake ufuoni au sokoni. Jioni hurudi kwa ajili ya cheti. Pointi zimepatikana, elimu haikupatikana.

Na hata waliobaki ukumbini hawapati haki yao kila mara. Mgeni wa heshima hufika akiwa amechelewa saa mbili. Baada yake huja hotuba za shukrani, kisha mfadhili hupewa nusu saa ya kueleza bidhaa yake. Kijana aliyekuja kutoka hospitali ya mbali, aliyekesha miezi sita akihesabu watoto waliolazwa kwa nimonia katika wadi yake, huambiwa afupishe maneno yake yaishe kwa dakika tano. Swali haliulizwi kwa sababu chakula kiko tayari. Huyo ndiye ambaye angeweza kutuonyesha jambo ambalo hatujaliona, na mwaka ujao hatarudi.

Wengine hawafiki kabisa. Maafisa wa kliniki na wauguzi ndio humwona mgonjwa kwanza katika sehemu nyingi za nchi hii, lakini ada huwekwa kwa kipimo cha daktari bingwa wa Nairobi.

Nini kifanyike?

Mapendekezo yangu si ya gharama kubwa, na viongozi wa chama chochote wanaweza kuyaanza mwaka huu.

Kwanza, mkutano wa mwaka ufanyike panapo hospitali. Miji ya kanda hii yenye hospitali kubwa za kufundishia si michache: Eldoret, Kisumu, Moshi, Mwanza, Mbarara. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, kwa hivyo daktari wa Mbarara anaweza kufika Eldoret kwa basi bila kuhangaikia pasipoti.

Pili, siku moja kati ya siku tatu iwe ya kazi. Mabingwa waliokuja kama wageni wazunguke wadi pamoja na madaktari na wauguzi wa hospitali mwenyeji, waone wagonjwa ambao matibabu yao yamekuwa magumu, wasaidie kupunguza orodha ya wanaongojea upasuaji, na wafundishe kwa vitendo. Hospitali yenyewe ndiyo iandae orodha hiyo mapema na kuwafuatilia wagonjwa baadaye, isije ikawa wageni wanapasua na kuondoka, vidonda vikabaki bila mwenyewe. Ikifanyika hivyo kila mwaka katika mji tofauti, baada ya miaka kumi hospitali kumi zitakuwa zimepata kitu.

Tatu, hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mweka hazina atoe hesabu zilizokaguliwa katika muda wa miezi mitatu baada ya mkutano, zikionyesha kila mfadhili na kiasi alichotoa. Zipelekwe kwa kila mwanachama, si kusomwa upesi upesi jioni ya mwisho watu wakitafuta viatu vya kuchezea dansi. Marekani tayari ina sheria inayolazimisha kampuni za dawa kutangaza hadharani fedha zinazowapa madaktari. Hatuhitaji kungoja Bunge kwa jambo ambalo twaweza kulifanya wenyewe.

Nne, fedha za kampuni zisiguse sayansi. Mfadhili akodi meza nje ya ukumbi kama mfanyabiashara mwingine yeyote, alipe, na apewe risiti. Asichague msemaji, asiandike ratiba, na asimlipie daktari mmoja mmoja tikiti ya ndege wala chumba. Anayetoa mhadhara aseme kabla ya kuanza ni nani amemlipa.

Tano, wadogo wapewe nafasi. Ada ya muuguzi, afisa wa kliniki na daktari aliye mafunzoni iwe nusu. Robo ya muda wa kuzungumza itengewe watu wa hospitali ndogo, na mwenyekiti wa kikao alinde dakika zao kwa saa. Mgeni wa heshima akichelewa, atakuta mkutano umeanza.

Sita, mkutano uzungumze na wananchi. Kila mkutano ukiisha, chama kitoe ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi unaoeleza mambo matano yaliyojadiliwa yanayomhusu mgonjwa, upelekwe kwa magazeti na redio na kubandikwa ukutani katika hospitali. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka wa 2022. Haifai madaktari wa Afrika Mashariki wawe wa mwisho kukitumia.

Saba, uongozi ubadilike kwa utaratibu. Katibu na mweka hazina wakae miaka miwili au mitatu, na anayeingia aketi na anayetoka mwaka mmoja kabla ya kushika kazi. Orodha ya wanachama, mikataba na vitabu vya benki vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya mashahidi. Vyama vingi havikufa kwa wizi. Vilikufa kwa sababu aliyekuwa na faili alihamia nchi nyingine.

Watakaopinga

Najua hoja zitakazoletwa. Kuna watakaosema kwamba wageni kutoka ng'ambo hawatakubali kulala katika hoteli ndogo. Wapo watakaokataa, na wasije. Atakayekuja kwa ajili ya wagonjwa atakuja, na hao ndio tunaowahitaji. Wengine watasema kwamba madaktari wamechoka na wanastahili kupumzika baharini pamoja na jamii zao. Ni kweli wamechoka, na likizo ni haki yao. Lakini likizo iitwe likizo, na ilipwe na anayekwenda.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila fedha za kampuni baadhi ya vyama vitaanguka. Siipuuzi. Huenda mkutano wa watu 200 ukawa wa watu 120, na wa siku tatu ukawa wa siku mbili. Ningependelea huo mdogo. Wapasuaji wa 1950 walikuwa wachache kuliko wajumbe wa mkutano wa kawaida wa leo, na chama chao ndicho kilichopanda mbegu ya chuo kinachofunza wapasuaji wa nchi zaidi ya kumi.

Nawe msomaji una sehemu yako. Wakati mwingine daktari wako atakaporudi kutoka mkutanoni, mwulize kwa heshima: Daktari, mlijifunza nini huko kitakachonisaidia? Na akikuandikia dawa mpya, mwulize kama ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Daktari aliyekwenda kujifunza atafurahi kuulizwa, naye hatakosa la kukujibu.